Jinsi ya kuwafundisha wauzaji wa fanicha kutambua staili za zamani na kuziuza bila uongo

Wauzaji wengi wa fanicha wanaonekana wavivu kumbe shida ni kwamba wamepewa neno moja tu la kufanyia kazi. Kiti kikiwa na miguu iliyopinda ni "klasiki", kikiwa na nakshi ni "klasiki", kikiwa na rangi ya dhahabu ndo "klasiki kabisa", sasa mteja anayejua anachotafuta akisikia hivo mara tatu anajua huyu hana cha kumwambia, anaanza kuangalia lebo ya bei tu. Na mteja akibaki na bei peke yake utapunguza mpaka uchoke.

Huu mwongozo ni wa mwenye duka au msimamizi wa mauzo, mwenye wafanyakazi wawili, watano, hata ishirini. Msimamo wangu nausema mapema: fundisha macho kwanza, majina baadaye, maneno ya kuuzia mwisho kabisa. Wengi wanaenda kinyume, wanampa kijana karatasi ya majina na miaka akariri, wiki ijayo anamwambia mteja Chippendale alikuwa mfalme.

Hatua ya 1: Punguza orodha, alafu igawe mara mbili

Usianze na staili ishirini. Chukua daftari zunguka dukani mwenyewe uandike nini hasa mnauza, utakuta ni familia chache tu zinajirudia. Mara nyingi ni Malkia Anne na Chippendale upande wa Uingereza, Louis wa 15 na Louis wa 16 upande wa Ufaransa, za enzi ya Victoria, Art Deco, na zile za katikati ya karne ya 20 zenye miguu myembamba. Kama Biedermeier, ile staili ya Ujerumani na Austria ya mwanzo wa karne ya 19, hamna dukani usiwasumbue watu nayo, watajifunza siku ikiingia.

Siku ya kwanza hakuna jina hata moja. Mfanyakazi anatembea dukani, anasimama mbele ya kila kitu, anasema "imepinda" au "imenyooka", basi. Wengine watacheka wataona ni mambo ya chekechea, waache wacheke, maana zoezi hili linamlazimisha mtu aangalie umbo la mbao na aache kuangalia rangi na kitambaa. Rangi na kitambaa ndo vinadanganya kuliko kitu chochote, kiti chochote unaweza kukipaka dhahabu ukakivalisha velveti na bado mifupa yake ikawa ya staili nyingine kabisa.

Hatua ya 2: Miguu, na hapa kaeni sana

Kama una muda wa kufundisha kitu kimoja tu, fundisha miguu. Kitambaa kinabadilishwa, vishikizo vya droo vinabadilishwa, vanishi inapakwa upya, lakini mguu mara nyingi unabaki vile ulivyotoka kwa fundi.

Anza na mguu uliopinda, ule unaoitwa kabrioli, unatoka nje juu kama goti alafu unaingia ndani chini kama kifundo. Staili tatu zinautumia na wauzaji wanazichanganya kila siku, Malkia Anne, Chippendale na Louis wa 15. Ili kuzitenganisha mwambie mtu apige magoti kweli, ashike mguu wa kiti, ateremshe mkono taratibu mpaka chini. Kwenye Malkia Anne mkono unateleza tu, mguu ni msafi, labda utakuta kombe moja limechongwa pale gotini, na chini unaishia na kisigino cha duara kilicholala kama sahani ndogo. Kwenye ile tunayoiita Chippendale goti linakwaruza, kuna majani yamechongwa, na chini unakuta ukucha wa ndege umeshika mpira. Kwenye Louis wa 15 angalia juu kabla hujashuka: mguu hauna mahali unapoanzia, fremu ya kiti inapinda inaingia moja kwa moja kwenye mguu bila kona, na chini ncha inajikunja kidogo. Mtu akishika mara kadhaa macho yamefumba hatasahau tena.

Hapo kwenye ukucha na mpira kuna kitu kizuri cha kumwambia mteja anayependa stori. Thomas Chippendale alikuwa seremala na mfanyabiashara wa London, alitoa kitabu chake cha michoro mwaka 1754, na ndani ya michoro ile ule ukucha maarufu haumo. Watu wa baadaye ndo wameufanya kama sahihi yake. Kwa hiyo muuzaji akisema "huu ukucha unathibitisha ni kazi ya Chippendale" anakosea mara mbili kwa sentensi moja. Tena kuna viti vya Chippendale vyenye miguu ya mraba iliyonyooka kabisa, kwa hiyo mguu ulionyooka usimfanye mtu alifute hilo jina kabla hajatazama egemeo.

Sasa mguu ulionyooka. Hapa ujanja uko kwenye kidole gumba. Pitisha kidole kukata mguu kwa upana: kama kinaingia kwenye mifereji iliyochimbwa ndani, una sababu ya kufikiria Louis wa 16. Kama kinapanda kwenye matuta yaliyotokeza nje, yamepangana kama matete yaliyofungwa pamoja, fikiria Sheraton, staili ya Uingereza ya mwisho wa karne ya 18. Kama ni wa mraba, laini, unapungua kuelekea chini, fikiria Hepplewhite, nayo ya Uingereza ya wakati huohuo. Kwa Louis wa 16 kuna alama nyingine ambayo hata mtu wa siku mbili anaiona, pale mguu unapokutana na fremu ya kiti pana kijibao cha mraba chenye ua la duara katikati. Ukiona hicho kijiua uko karibu sana na jibu.

Zilizobaki zinaenda haraka. Mguu uliopinda kama upanga kuelekea nje, mbele na nyuma, ni Regency ya Uingereza au Empire ya Ufaransa, staili za mwanzo wa karne ya 19, wote waliiga viti vya Wagiriki wa kale. Mguu mwembamba wa duara, unachongoka chini na kuegemea nje kidogo, bila nakshi yoyote, ni katikati ya karne ya 20. Bomba la chuma la kung'aa, na hasa kiti kisicho na miguu ya nyuma kabisa, hayo ni ya miaka ya 1920 kuja huku.

Hatua ya 3: Panda kwenye egemeo

Miguu ikishaeleweka egemeo ni la kuthibitisha tu. Ubao mmoja katikati wenye umbo la chombo cha maua, Malkia Anne. Ubao huohuo lakini umetobolewatobolewa kama lesi, na juu ya egemeo pembe zimetoka kama masikio, Chippendale. Umbo la ngao, Hepplewhite. Mstatili wenye vijiti vilivyosimama, Sheraton. Yai au medali iliyozungushiwa fremu, Louis wa 16. Puto lenye tundu katikati, au egemeo limejaa vifungo vilivyozama kwenye kitambaa, enzi ya Victoria.

Sheria ya duka iwe hii: hakuna kutaja staili mpaka uwe na alama mbili zinazokubaliana. Mguu unasema Louis wa 16 na egemeo linasema ngao? Basi sema "mchanganyiko", na mara nyingi ni mchanganyiko kweli, viwanda vinachukua mguu huku na mgongo kule, sio dhambi ila usiupe jina usilo na ushahidi nalo.

Hatua ya 4: Sasa leta majina, lakini kila jina na sababu yake

Miaka peke yake haikai kichwani, inakaa ikiwa na sababu. Kwa nini Ufaransa ilitoka kwenye mikunjo ya Louis wa 15 ikaenda kwenye mistari iliyonyooka ya Louis wa 16? Kwa sababu kule Italia walikuwa wanafukua miji iliyozikwa na volkano, Herculaneum kuanzia 1738 na Pompeii kuanzia 1748, Ulaya nzima ikapagawa na nguzo na mapambo ya Warumi. Mguu wenye mifereji ni nguzo ya hekalu imepunguzwa ikawekwa chini ya kiti. Ukimwambia mtu hivo hahitaji kukariri tena.

Empire nayo hivohivo. Napoleon alienda Misri 1798, akajitangaza mfalme mkuu 1804, kwa hiyo unapata sfinksi, mashada ya ushindi, nyayo za simba, mahogani nzito nyeusinyeusi yenye vipande vya shaba iliyopakwa dhahabu. Ni fanicha ya mtu anayetaka aogopwe kidogo. Mteja wa ofisi kubwa anaielewa bila maelezo mengi.

Victoria alitawala kuanzia 1837 mpaka 1901, zaidi ya miaka 60, na katika hiyo miaka watu walifufua karibu kila kitu, Gothic ya makanisa ya kale, rokoko yenye mikunjo kama ya Louis wa 15, mpaka za Malkia Anne, kwa hiyo ukisema "ni ya Victoria" hujasema mengi. Waambie wafanyakazi waongeze neno: Victoria ya vifungo, Victoria ya Gothic. Springi ndani ya viti zilienea karne hiyo ndo maana viti vyake vimevimba na vina kina.

Art Deco inafungwa na tarehe moja, maonyesho makubwa ya Paris mwaka 1925, na macho yatafute vitu vinavyong'aa, pembe zilizopangwa kama ngazi, mapambo ya jua linalochomoza, mbao nyeusi zenye mistari. Ni rahisi kuitambua, sitakaa sana hapo.

Kuna stori mbili ambazo wauzaji wanazipenda wakishazisikia. Kiti namba 14 cha Michael Thonet cha mwaka 1859, kile cha mikahawa, mbao imepindwa kwa mvuke, kina vipande 6, skrubu 10 na nati 2, na viti 36 vikiwa vimefunguliwa vilikuwa vinaingia kwenye sanduku la mita moja ya ujazo. Yaani fanicha ya kufungua na kufunga ilikuwepo muda mrefu kabla ya hizi za kwenye maboksi. Na kiti cha Hans Wegner, mbunifu wa Denmark, cha 1949 chenye mgongo wa herufi Y, ukalio wake unasukwa kwa mkono kwa kamba ya karatasi ya mita kama 120. Mteja akiuliza kwa nini kiti cha mbao kinauzwa bei ile, muuzaji ainame amwonyeshe ule usukaji kwa chini, asijitetee.

Onyo moja kuhusu majina ya wafalme. Staili haisubiri mfalme avishwe taji. Ile ya Louis wa 16 ilishaanza kabla hajakalia kiti mwaka 1774, na Malkia Anne alifariki 1714 wakati fanicha nyingi zenye jina lake, hasa za Marekani, zimekuja miongo baadaye. Hepplewhite kitabu chake kilitolewa na mjane wake mwaka 1788, yeye alishafariki miaka miwili nyuma, na hakuna kiti hata kimoja kinachojulikana kwa uhakika kwamba alikitengeneza yeye. Majina haya ni anwani za umbo, sio vyeti vya kuzaliwa.

Hatua ya 5: Staili sio umri

Hii ndo hatua inayookoa duka lisiende mahakamani. Kila mfanyakazi atenganishe vitu vitatu: kitu cha kipindi chenyewe, nakala ya zamani, na kitu kipya cha staili ile. Kiti cha Louis wa 15 kilichotengenezwa miaka ya 1890 ni cha zamani kweli, ila sio cha Louis wa 15. Kwenye biashara neno antiki kwa kawaida linabeba miaka 100 na kuendelea, na sheria ya forodha ya Marekani pia inatumia miaka hiyo 100.

Kwa nakala na vitu vya kale fundisha ukaguzi mdogo, sio kuwafanya wataalamu ila wajue wakati wa kunyamaza. Toa droo nje kabisa uangalie kona. Viungo vya meno vilivyokatwa kwa mkono havilingani, vingine vyembamba vingine vinene, na unaweza kuona mstari mwembamba fundi aliochora kupima. Vya mashine vinafanana vyote. Geuza kiti, alama za msumeno zilizopinda kama vipande vya duara ni za msumeno wa mviringo, hizo ni karne ya 19 au baadaye. Skrubu zenye alama ya msalaba kichwani zimeingia sokoni katikati ya miaka ya 1930. Meza ya duara ipime mara mbili, kufuata nyuzi za mbao na kukata nyuzi, ya zamani sana inakuwa imepungua kidogo upande wa kukata nyuzi kwa sababu mbao inasinyaa upande huo, kwa hiyo duara kamili kwenye meza "ya miaka 250" linatia shaka.

Ila alama moja haitoshi, rudia hilo mpaka wakuchoke. Skrubu mpya inaweza kuwa ya matengenezo ya juzi kwenye kabati la kale, na droo ya zamani inaweza kuwa imepandikizwa kwenye fremu mpya. Na asiyejua asisugue kitu, kuna mtu atakuona unakawia kusafisha ataleta msasa, vanishi ya miaka mia ikiondoka hairudi tena, na bei yake nayo hairudi.

Hatua ya 6: Kuuza sasa

Mteja haji na jina la staili. Anakuja na "nataka ile yenye miguu ya kubinuka", au picha kwenye simu, au malalamiko tu. Kazi ya muuzaji ni kusikia umbo ndani ya hayo maneno. Maswali yanayofaa ni machache: chumba kina ukubwa gani, ndani kuna nini tayari ambacho hukitoi, na nani atakaa juu yake kila siku. Inaweza kwenda hivi:

"Karibu mama. Unatafuta cha sebuleni au cha mezani?"
"Sebuleni mwanangu, ila sitaki kitu kizito, chumba chenyewe kidogo."
"Sawa mama. Pale una kabati au meza ambayo inabaki?"
"Kabati la marehemu mama yangu, lina milango imechongwachongwa, limepindapinda."
"Basi tuangalie viwili. Hiki kina mikunjo kama kabati lako, vitaongea lugha moja. Na hiki miguu imenyooka, imeinuka, sakafu inaonekana kwa chini kwa hiyo chumba hakitajaa. Kaa kwanza vyote viwili alafu uniambie."

Hapo kijana hajataja mfalme yeyote. Jina na stori vinakuja baada ya mama kukaa na kuuliza "hiki kinaitwaje?", na hapo ndo vinauza, kwa sababu ni yeye amevitaka. Angalia pia amempa viwili vya kulinganisha, mtu akioneshwa kimoja anajibu nakitaka au sikitaki, akioneshwa viwili anaanza kueleza anachopenda, na wewe unasikiliza.

Wengi wanaogopa kuchanganya staili na muuzaji ndo wa kuwatoa woga. Kinachofanya vitu viwili vikubaliane mara nyingi ni rangi ya mbao, urefu, na mwelekeo wa mistari. Louis wa 16 na Art Deco wanakaa vizuri pamoja kwa sababu wote ni watu wa mistari na mpangilio. Louis wa 15 ukiuweka katikati ya vitu vya chuma vilivyonyooka unakuwa pambo la chumba, kimoja tu kinatosha, vinne ni vurugu. Na usisahau futi kamba: ukalio wa kiti cha kulia chakula uko kama sentimita 45 kutoka chini, meza kama 75, viti vya zamani vinapishana, pima kabla mteja hajalipa sio baada ya gari kuondoka.

Hatua ya 7: Mazoezi yasiyochosha

Dakika kumi asubuhi kabla ya kufungua zinatosha, semina ya siku nzima watu wanasinzia. Funika kiti na shuka, acha miguu tu, waulize. Kesho acha egemeo tu. Kila jibu lifuatwe na "umejuaje?", maana anayebahatisha jina sahihi leo kesho atabahatisha la uongo mbele ya mteja. Piga marufuku neno klasiki kwa wiki moja, atakayelitamka anapanga viti jioni. Kwenye grupu ya WhatsApp ya duka tuma picha moja kwa siku, ya kitu ambacho hakiko dukani, wabishane wenyewe, wewe usijibu mpaka jioni. Mgeni mpange na mwenyeji wake wiki za mwanzo, asikilize tu.

Alafu waigize, mmoja mteja mmoja muuzaji, na anayeigiza mteja aruhusiwe kuwa msumbufu. Swali la lazima kwenye kila igizo ni "hiki ni orijino?"

Hatua ya 8: Kinachoandikwa kwenye lebo na risiti

Maneno ya mdomo yanapotea, karatasi inabaki. Kitu kipya kiandikwe "kiti kipya, staili ya Louis XV", usiandike "kiti cha Louis XV". Nakala ya zamani iandikwe ni nakala, na muda wa kukadiria kama mnao ushahidi. Kama umri hamjui andikeni staili tu mwache umri. Matengenezo yaandikwe pia, mguu uliobadilishwa, kitambaa kipya, springi zilizotolewa ikawekwa sponji.

Viti vya wabunifu wanaojulikana vina sheria yake. Kile kiti cha kupumzikia cha Charles na Ray Eames cha mwaka 1956 kinatengenezwa kwa haki na kampuni za Herman Miller na Vitra, kwa hiyo kama chenu kimetoka kwingine msiweke jina Eames kwenye lebo, elezeni umbo: kiti cha plaiwudi iliyopindwa na ngozi, chenye stuli ya miguu. Vilevile fanicha za rozwudi za miaka ya 1950 na 1960, mti wa rozwudi wa Brazil uko kwenye orodha kali kabisa ya CITES, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu 1992, na jamii nzima ya Dalbergia, ambamo mti huo umo, imeingia kwenye udhibiti tangu 2017, mteja anayetaka kusafirisha nje ya nchi aambiwe mapema kwamba anaweza kuhitaji kibali.

Na muuzaji akiulizwa asichojua, jibu la duka liwe moja kwa wote: "Hilo sina uhakika nalo, nipe namba yako nikuulizie kwa fundi, leo jioni nakupigia." Alafu apige kweli, hata kama jibu ni kwamba kiti ni cha mwaka juzi.